Sina Mengi ya Kusema

Kila Alhamisi nikirudi nyumbani, saa mbili na nusu usiku hivi, mke wangu huniuliza swali lile lile: "Haya, leo mmeamua nini?" Nami humpa jibu lile lile: hatujaamua kitu. Hatukuwa na cha kuamua. Tumekaa watu kumi na tisa katika ukumbi wa kukodi karibu na Mwenge, tumesema, tumepigiana makofi, tumeagana. Yeye hutikisa kichwa akaenda kupasha chakula. Mimi hubaki mezani nikijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kunyolewa.

Nimeona niandike sifa za mkutano huu, maana watu wanausema vibaya, na sisi wenyewe, wanachama wa klabu ya kujifunza kuhutubia, ajabu ni kwamba hatujui kujitetea.

Sifa yake kubwa, ambayo kwangu inatosha na nyingine zote ni nyongeza, ni kwamba haudanganyi. Tazama mikutano mingine. Kikao cha idara cha Jumatatu kinaitishwa ili "kujadili mikakati". Watu kumi na wawili wanaongea saa mbili, na mkakati pekee unaopatikana ni tarehe ya kikao kijacho. Semina elekezi watu wanasaini karatasi ya posho asubuhi, wakimaliza chai wanaanza kutafuta upenyo wa kutokea. Kikao cha harusi ndiyo usiseme. Yote hiyo ni mikutano ya maneno iliyovaa koti la kazi. Klabu yetu imelivua koti. Imekuja kuongea, inaongea, ikimaliza inafunga mlango. Hakuna yatokanayo na kikao kilichopita, hakuna mengineyo, hakuna mchango wa mtu yeyote wala wa kitu chochote. (Ada ipo, lakini ada unailipa ukijua wazi kwamba unanunua hewa.)

Utaratibu wetu tumeuiga kwa Wamarekani. Tarehe 22 Oktoba 1924, bwana aitwaye Ralph Smedley aliwakusanya watu katika chumba cha chini cha jengo la YMCA mjini Santa Ana, California, wajizoeze kusema, na hapo kikazaliwa chama cha Toastmasters ambacho leo kina klabu pembe zote za dunia. Sisi si tawi lao, hatujafika huko. Tumedokoa tu kanuni zao, kama fundi cherehani anavyodokoa mshono kwenye gazeti. Jirani yangu aliposikia hilo jina alishika neno "tosti" tu, akadhani najifunza kuoka, akaniagiza mikate miwili ya maziwa. Kumbe anayetajwa pale ni yule mtu wa karamuni anayewaalika wageni wanyanyue bilauri, yaani mshereheshaji. Na kuna jambo katika historia yao linanifurahisha: wanawake waliruhusiwa rasmi kujiunga mwaka 1973. Kwa hiyo wanaume wale walifanya mazoezi miaka 49 ndipo wakathubutu kusimama na kusema mbele ya mwanamke. Mimi nina miaka ishirini na miwili ya ndoa, na naona walifanya haraka.

Vyeo, kwetu, vimejaa tele. Kuna kiongozi wa jioni, bwana itifaki anayegonga nyundo, mtunza muda, mlinzi wa lugha, mhesabu aa, mwendesha maswali ya papo kwa papo, watathmini watatu, na mtathmini mkuu anayewatathmini watathmini. Katika watu kumi na tisa, kumi wana madaraka. Sijui serikali gani imefikia uwiano huo. Na hao wote hawaruhusiwi kuiacha mimbari tupu hata nukta moja: anayeondoka lazima amsubiri anayekuja, washikane mikono, ndipo aachie. Tunailea ile mimbari kama mtoto mchanga aliyelazwa ukingoni mwa kitanda. Juzi mwendesha maswali alikuwa msalani wakati zamu yake inafika, na kiongozi wa jioni akabaki amesimama pale dakika nne, mkono ameunyoosha hewani, anatabasamu. Tulimpigia makofi.

Neno la siku nalo lina utamu wake. Mlinzi wa lugha analiandika ubaoni, na kila atakayesimama sharti alitumie. Siku moja neno lilikuwa "adhimu". Mpaka saa moja na robo tulikuwa tumesikia habari za foleni adhimu ya barabara ya Bagamoyo, mama mkwe adhimu, na bosi adhimu aliyekataa likizo. Bwana itifaki akatutangazia kwamba choo adhimu kiko mkono wa kulia, na kitasa chake ni kibovu.

Lakini mwenye enzi hasa ni mtunza muda. Hotuba ya kawaida ni dakika 5 hadi 7. Ikitimia ya tano ananyanyua kadi ya kijani, ya sita ya njano, ya saba nyekundu, kisha una sekunde 30 za huruma. Ukizivuka, kura yako imekwenda na maji. Waathene wa kale mahakamani walipima muda wa wasemaji kwa chungu cha maji chenye tundu: maji yakiisha, nawe umeisha. Chombo kizuri, ila kwa mgawo wa maji wa mtaani kwetu kesi zingekuwa zinaanza saa nane za usiku. Kadi ni bora. Hapa Dar es Salaam taa nyekundu ya barabarani ni ushauri tu asipokuwepo trafiki. Lakini nimemwona mkurugenzi mzima, mwenye dereva wake nje, anakata sentensi katikati na kuketi kwa sababu binti wa miaka ishirini na moja amenyanyua kipande cha karatasi ngumu.

Kwingineko haki hiyo haipo. Septemba 1960 Fidel Castro alisimama Umoja wa Mataifa, New York, akaanza kwa kuahidi kwamba hatachukua muda mrefu, kisha akasema kwa saa 4 na dakika 29. Watu wanalitaja kama jambo la ajabu. Mtanzania aliyewahi kuketi uwanjani kumsubiri mgeni rasmi haoni ajabu yoyote. "Mimi sina mengi ya kusema" ni mlango. Ukishafunguliwa, leteni mikeka. Na akitamka "itifaki imezingatiwa", jua kwamba sasa ndiyo itaanza kuzingatiwa, mmoja mmoja, kuanzia meza kuu hadi kwa balozi wa nyumba kumi.

Nisije nikaonekana najisifia. Hotuba yangu ya kwanza ilitakiwa iwe ya dakika 4 hadi 6, nijieleze mimi ni nani. Nilikuwa nimejiandaa wiki tatu. Nikasimama, nikazaliwa Korogwe, nikasoma, nikaajiriwa, nikaoa, nikapata watoto, nikakohoa. Nilipotazama kadi, hata ya kijani ilikuwa bado imelala mezani. Maisha yangu yote, pamoja na harusi, yalikuwa yamechukua dakika mbili na sekunde hamsini.

Mtathmini wangu akaja. Na hapa nawaomba wasomaji wamkumbuke panya, maana ndiye mwalimu wa kwanza wa fani hii: huuma huku akipuliza. Kanuni inasema uanze kwa sifa, uingize ushauri, umalizie kwa sifa. Aliniambia nimevaa vizuri. Akaniambia kwamba sikumtazama mtu hata mmoja, kwamba mikono yangu ilikuwa imeng'ang'ania mimbari kama ya abiria wa daladala aliyening'inia mlangoni, na kwamba ndoa yangu ingestahili walau sentensi mbili. Kisha akasema tena kwamba nimevaa vizuri. Nikalala nikiwa na furaha. Kesho yake asubuhi, nikiwa naoga, ndipo meno yakaanza kuuma.

Hakuna anayesalimika, na hilo nalo ni la kusifiwa. Nimewahi kufikiria ingekuwaje kama watathmini wetu wangekuwepo kwenye ule mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar, alioufasiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963. Antony anasimama mbele ya maiti ya rafiki yake, anawaambia watu yeye si msemaji hodari kama Brutus, na akishuka Roma nzima iko mitaani inatafuta moto. Mtathmini wetu angesimama taratibu akafunga kifungo cha koti. "Nikupongeze kwa sauti yako, na vazi lako. Ushauri wangu: umerudia mno kwamba Brutus ni mtu mwema, hata hadhira ikaanza kuwa na mashaka. Ule wosia ungeuonyesha mwanzoni. Umepitiliza dakika kadhaa. Kwa ujumla, vazi lako limependeza."

Ila kama ni siku moja tu ya kuwekwa kwenye kumbukumbu, ni ile ya maswali ya papo kwa papo. Unaitwa bila kujua, unaulizwa, unatakiwa useme dakika 1 hadi 2. Swali la siku hiyo lilikuwa: ungekuwa chombo cha jikoni, ungekuwa chombo gani na kwa nini? Akaitwa dada mmoja mhasibu, mkimya, mwanachama wa miezi minane ambaye tulikuwa tunamjua kwa mkoba wake kuliko kwa sauti yake. Akatembea mpaka mbele. Hakuishika mimbari. Akatutazama kwanza, sote, kama anayetuhesabu.

"Mimi ningekuwa mbuzi," akasema. "Ile ya kukunia nazi."

Kimya.

"Kila anayekuja ananikalia mgongoni. Sawa, na akae. Lakini meno yako kwangu."

Akarudi kwenye kiti chake. Mama anayetuletea chai, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa mbili, akapiga kigelegele kimoja kifupi kisha akajiziba mdomo. Sisi wengine hatukuweza hata kupiga makofi upesi, na sisi makofi ndiyo kazi yetu. Mtunza muda akasoma saa yake: sekunde kumi na sita. Kanuni ni kanuni. Chini ya dakika moja hupigiwi kura.

Kalamu ya mshindi ilikwenda kwa kijana mmoja wa mauzo aliyechagua kuwa jokofu. Alisema dakika moja na sekunde hamsini na nane. Kiongozi bora, alisema, hana budi kuwa baridi wakati wengine wana joto. Ana taa inayowaka mlango ukifunguliwa. Ana kitu kuhusu barafu ambacho nimekisahau, na ana neno la siku mara tatu. Hakusema "aa" hata moja. Sasa wapo wanaodai hapo klabu ilikosea. Mimi naona ndipo ilipong'aa. Kusema jambo ukiwa nalo, hata mtoto anaweza. Njaa ikimuuma atakueleza vizuri tu, bila mafunzo. Kujaza dakika mbili na jokofu, ukatabasamu, ukashuka bila kujikwaa, hiyo ndiyo elimu, na watu wenye elimu hiyo tunawaona wanavyopanda vyeo. Yule dada hakuja tena Alhamisi mbili. Ya tatu alikuja, akaketi nyuma, na safari hii tulimwachia nafasi.

Faida za mkutano huu zinanifuata mpaka nyumbani. Niliwahi kupewa zamu ya kuhesabu aa mwezi mzima: unakaa na karatasi, kila msemaji akitoa "aa", "eeh", "yaani" au "kimsingi", unachora kijiti. Sikio likishazoea halizimiki. Ijumaa moja mke wangu akaniwekea wali mezani akaanza, "Yaani wewe mwanaume..." Nikasema, "Moja." Sikukusudia, lilitoka lenyewe. Tulikula kwa utulivu ambao klabu haijawahi kuupata.

Na mwezi uliopita nilikuwa kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu, nyuma ya nyumba ya shemeji, viti vya plastiki, soda za moto. Baba mkubwa akasimama. Akakohoa. "Mimi sina mengi ya kusema," akasema, na moyo wangu ukaanza kuhesabu peke yake. Dakika ya tano alikuwa bado kwenye ukoo wa babu. Ya sita akarudi nyuma kuchukua shangazi aliyemsahau. Ilipotimia ya saba, mkono wangu, wallahi si mimi, ulikuwa umeshaokota kadi ya mchango iliyokuwa mapajani, nayo ilikuwa nyekundu kama damu ya mzee, ukainyanyua juu kabisa, wima, kama tulivyofundishwa.

Baba mkubwa akanyamaza. Kikao kizima kikageuka kunitazama. Mweka hazina akalamba ncha ya kalamu, akatabasamu, akasema, "Tunakushukuru sana mjomba wa bwana harusi. Niandike shilingi ngapi?"