Yai Lililodunda

Lilidunda mara mbili, likaviringika hadi chini ya Probox iliyoegeshwa kando ya njia, likatulia hapo likiwa zima kama kokoto ya mtoni. Mayai mengine matatu yalikuwa yameshaanguka kabla ya langu Jumamosi ile, na kila moja lilikufa kifo cha heshima: paa, ute, kiini, kisha kuku wa jirani kuja kuhani msiba kwa mdomo. Langu lilikataa kufa. Mtaa mzima ulinyamaza, na mtaa wetu huu wa pembeni mwa Outering haunyamazi hata stima ikipotea. Ndipo ikapaa sauti ya mtoto, nyembamba kama sindano: "Anko, hiyo yako ni boilo!"

Leo ni Jumanne. Bado sijaenda kununua maziwa mchana.

Masharti niliyajua, na hilo sitalificha. Mbio za yai na kijiko za siku ya michezo ya mtaa, mita arubaini kutoka geti la juu hadi kwa muuza makaa, akina baba pekee, kijiko mdomoni, mikono mgongoni, yai bichi. Hilo la yai bichi lilisomwa kwa kipaza sauti mara mbili. Na kama hujatosheka na fedheha yangu, ongeza hii: sharti lenyewe nililipendekeza mimi, kwenye kikao cha maandalizi, nikisimama, mkono mfukoni, nikizungumzia uadilifu kana kwamba nagombea udiwani. Mwenyekiti aliniandika kwenye kumbukumbu kwa jina.

Basi ilikuwaje? Yai langu halali lilinivunjikia mfukoni nilipoinama kufunga kamba za viatu. Dakika moja kabla ya firimbi, paja limelowa, na duka la karibu liko ng'ambo ya umati. Lakini kiwiko changu kilikuwa kinagusa kigari cha kijana wa smokie na mayai boilo. Nilitoa shilingi thelathini. Aliposhika kisu ili alipasue, nilimwambia, "Wacha hivyo. Usiweke kachumbari." Aliniangalia jinsi daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyekataa sindano, akanipa.

Nijitetee kidogo. Kuchemsha yai hakulipunguzii uzito wa maana wala hakumpi mtu miguu mipya. Kijiko ni kilekile, mdomo ni uleule. Faida ya yai boilo ni moja tu: ujasiri. Mwenye yai bichi hukimbia akilihurumia, mabega juu, pumzi imekatika, kama aliyebeba mtoto wa wenyewe. Mwenye boilo hukimbia tu. Nami nilikimbia. Mita ishirini na tano za kwanza sijawahi kuwa huru vile tangu nioe. Kisha nikapiga chafya.

Baada ya kelele ile ya mtoto bado nilikuwa na matumaini. Nilisema ardhi ilikuwa laini. (Ilikuwa kabro.) Nilisema kuku wa siku hizi hulishwa chokaa nyingi, maganda yamekuwa magumu. Baadhi ya wazee walianza kutikisa vichwa kwa kukubali, na naamini ningeponea hapo kama si msichana mmoja wa Gredi ya Sita aliyejipenyeza hadi kwenye meza ya plastiki ya mgeni wa heshima, akasema, "Hakuna haja ya kubishana. Tulizungushe."

Hapa lazima nisimame, maana jambo lenyewe ni la ajabu na tangu Jumamosi sijalala vizuri kwa kulifikiria. Nimeshazungusha mayai sita kwenye meza ya jikoni, na mke wangu ameichukua trei akaifungia kabatini.

Ukilizungusha yai bichi kama pia, linasuasua. Unalizungusha ganda, lakini ute na kiini ni vimiminika, navyo havijapata habari; vinabaki nyuma, vinavuta, na yai zima linayumba kama mlevi anayetoka nyumba aliyoingia kwa mabega juu. Lililochemshwa ni kitu kimoja kutoka ganda hadi kiini. Ukilizungusha, linazunguka lote, kwa kasi, bila aibu. Lakini kipimo chenyewe hakijaisha. Lisimamishe kwa ncha ya kidole kwa nukta moja tu, kisha uliachie. La boilo litatulia. Bichi litaanza kuzunguka tena lenyewe! Ganda umelizuia, lakini uji wa ndani ulikuwa bado unazunguka gizani, na ukiondoa kidole, uji huo unalisukuma ganda upya. Nilipolifanya hili jikoni saa tano za usiku, nywele zilinisimama.

Na kuna kubwa zaidi. Ukilizungusha boilo kwa nguvu za kutosha, linainuka. Linasimama kwa ncha yake, wima, linaendelea kuzunguka kama mcheza ngoma. Kitu kizito kinapandisha uzito wake juu chenyewe! Watu waliliona hilo kwa vizazi bila maelezo kamili ya hisabati, hadi mwaka 2002 Keith Moffatt wa Cambridge na Yutaka Shimomura wa Japani walipochapisha maelezo yao katika jarida la Nature. Siri iko kwenye msuguano mdogo baina ya ganda na meza: ndio unaoiba kasi kidogo ya mzunguko na kuigeuza kuwa nguvu ya kupanda. Bichi haliwezi, kwa sababu tumbo lake linabaki nyuma.

La kwangu lilisimama wima. Mbele ya mgeni wa heshima, juu ya meza ya plastiki, likazunguka muda mrefu kuliko hotuba yake.

Kijana wa smokie hakuitwa kutoa ushahidi, alijileta. "Si hii ndio umenunua kwangu saa hii, mdosi, ukakataa kachumbari?" Nikajaribu sheria. Niliwaambia kwamba hata mwanariadha anayepimwa na ADAK, shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli lililoanzishwa hapa Kenya mwaka 2016, huchukuliwa sampuli mbili, A na B, na ya pili hufunguliwa akipinga majibu ya kwanza. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwa kina. Najua pia kwamba wakimbiaji wakubwa hutakiwa kutaja, kwa kila siku, muda wa saa moja na mahali watakapopatikana bila kukosa, na wakikosa mara tatu ndani ya miezi kumi na miwili wanaadhibiwa. (Mke wangu alipolisikia hilo aliuliza kama akina baba wa kawaida wanaweza kujiandikisha.) Basi nikapaza sauti: nadai sampuli B! Mwenyekiti akaona ni haki, akaamuru yai lipasuliwe vipande viwili. Kijana akachukua kisu, akalipasua, na kwa mazoea ya mkono wake akalijaza kachumbari, akanyunyiza chumvi, akauliza, "Pilipili?"

"Kidogo," akasema mwenyekiti, akala sampuli A. Sampuli B aliila mgeni wa heshima. Ndiyo sababu sina rufaa.

Tangu siku hiyo nimejitungia kimungu. Mama asisikie, na mchungaji pia asisikie. Si cha kuabudu, ni cha kulaumu. Jina lake ni Mulika. Anakaa juu kabisa ya ule mlingoti wa taa kubwa tunaouita mulika mwizi, miguu inaning'inia, amevaa kaptura nyeusi ya refa na soksi zisizolingana. Shingoni ana firimbi, mkononi utepe wa kupimia uliokatika kwenye sentimita ya tisini. Kazi yake ni mbio za haki tu: nani alianza kabla ya wenzake, nani alikanyaga mstari, nani alichemsha. Macho yake ni makali ajabu kwa vitu vidogo. Ezekiel Kemboi wetu alimaliza wa tatu Rio mwaka 2016 kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akavuliwa shaba kwa sababu mguu wake ulitua nje ya mstari wa ndani. Unyayo mmoja! Medali akapewa Mfaransa Mahiedine Mekhissi, ambaye miaka miwili kabla yake, Zurich, alinyang'anywa dhahabu ya Ulaya kwa kuvua fulana kabla ya kufika utepeni. Mambo kama hayo Mulika hayakosi.

Wagiriki wa kale walikuwa na wa kwao, naye hakuwa wa mzaha. Pale Olympia palikuwa na sanamu ya Zeus wa Viapo, radi mkono wa kulia na radi mkono wa kushoto, na wanamichezo waliapa mbele yake juu ya nyama ya nguruwe dume kwamba hawatafanya hila. Wengine walizifanya hata hivyo. Mwaka 388 kabla ya Kristo bondia Eupolus wa Thessaly aliwahonga wapinzani wake watatu. Faini zilizotozwa zikasubu sanamu sita za shaba za Zeus, zikapangwa njiani kuelekea mlango wa uwanja, na maandishi ya kuwaambia wapitao kwamba ushindi hununuliwa kwa miguu na nguvu, si kwa fedha. Kila aliyekuwa anakwenda kushindana alipita mbele ya aibu ya Eupolus. Wahongaji wengine wakaongeza zao baadaye. Misingi kumi na sita ya mawe ipo hadi leo. Shaba imekwenda, wala sishangai. Shaba ingewekwa huku kwetu isingemaliza wiki.

Faini yangu ilikuwa trei moja ya mayai mabichi, nililipa papo hapo. Sanamu yangu ni jina. Mimi ni Baba Boilo. Ningelivumilia, lakini Jumapili kwenye chama mke wangu aliitwa Mama Boilo na mwekahazina, bila kicheko, kana kwamba ndilo lililoandikwa kwenye kitambulisho. Alirudi nyumbani na kuniambia neno moja tu, nalo halifai hapa.

Sasa niseme linalonikera, maana nimecheka vya kutosha. Aliyeshinda mbio zile ni mwenye ploti tatu za ghorofa hapa mtaani. Zawadi ilikuwa mtungi wa gesi wa kilo sita, alioutoa yeye mwenyewe kama mfadhili, na kwa hiyo alijipa. Alipopanda jukwaani kuupokea aliinua mkono kupunga watu, akasahau kwamba mkono huo ulikuwa na kijiko. Kijiko kikapinduka. Yai halikuanguka. Lilining'inia pale, kichwa chini, limeshikwa na kitu cheupe kinachovutika ambacho mtoto yeyote wa nasari angekitambua kuwa chingamu. Unadhani watu walifanya nini? Walipiga makofi. Mzee mmoja kando yangu alisema, "Huyo jamaa ana mkono mtulivu." Nilimtafuta yule msichana wa Gredi ya Sita kwa macho. Alikuwa ameangalia chini. Babake ni mpangaji wa bwana huyo.

Na kwa nini mita arubaini? Nani duniani hukimbia mita arubaini? Kasarani, matatu mbili tu kutoka hapa, ndipo Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 tarehe 18 Septemba 2021, rekodi ya Afrika. Mtaa wetu hauna mita mia zilizonyooka. Ulikuwa nazo. Tulikuwa na kiwanja cha vumbi ambapo ungeweza kukimbia hadi uchoke kabla hakijaisha. Nilijifunza kushindwa pale, kwa haki, na watoto waliokuwa na miguu mirefu kuliko yangu. Kwanza ikaja kontena moja pembeni, tukaambiwa ni stoo ya muda. Halafu mabati. Halafu mbwa. Siku moja likatokea bango lenye nambari ya ploti, na waliokwenda kuuliza walirushwa kutoka dirisha hadi dirisha mpaka nauli ikawaishia. Sasa watoto wanakimbia baina ya magari, na tunaandaa siku ya michezo kwenye kabro, kijiko mdomoni, tukiogopa kumgonga bodaboda.

Mlingoti wa mulika mwizi umesimama kona ya kiwanja hicho hicho. Taa zake zilizimika usiku mmoja wiki ile ile mabati yalipoingia na hazijawaka tena. Mulika alikuwa juu yake, na firimbi yake, na macho yake yale ya kuona unyayo ukitua nje ya mstari kule Brazili. Nasubiri anieleze alikuwa anaangalia wapi. Ekari nzima imeondoka chini ya miguu yake inayoning'inia, na yeye akapuliza firimbi kwa yai la shilingi thelathini.

Jumamosi ile ile, kwenye mbio za magunia, nilianguka kabla ya kuanza. Kuvuta kamba, kamba ilikatika, upande wetu.

Jana usiku, saa tatu, nilivaa kofia nikateremka dukani kwa mlango wa nyuma. Nilitaka mayai mawili tu, na nilitaka niyapate haraka. Mwenye duka hakunisalimu kwa jina lolote, nikamshukuru moyoni. Alichukua la kwanza, akaliweka kwenye kaunta, akalizungusha. Likayumba. Akalisimamisha kwa kidole, akaachia, likaanza tena lenyewe. Akalifunga kwenye gazeti. Akachukua la pili, akalizungusha pia, na sote wawili tukaegemea kaunta tukilitazama hadi likamaliza.

"Bichi," akasema. "Thelathini na nne zote mbili, Baba Boilo."