Ile Hela, Jina Litakuja

Muuza viazi wa Uyole, Mbeya, na mkulima wa nyanya wa Ilula, Iringa, hawajawahi kukutana, lakini wana mdai mmoja. Huwaandikia asubuhi bila hata salamu: “Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja...” Hela ipi? Hasemi. Akiona kimya, kesho anageuka mwenye nyumba, hata kwa mtu aliyejijengea mwenyewe.

Na laini zote zina wenyewe, jamani! Tangu Mei 2019 Watanzania walipanga foleni kuzisajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Vidole vilivyosuguliwa na jembe vikagoma kusomeka, vikafutwa, vikabonyezwa tena. Tarehe 20 Januari 2020 muda ukaisha, laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Bibi asiye na namba ya NIDA akakatiwa mawasiliano. Mdai wetu bado yuko hewani.

Jina huwa linakuja kweli, ila mara nyingi ni la mtu mwingine, pengine asiyejua kuwa ana laini hiyo. Kwa hiyo bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ujumbe wa “ile hela” upeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli.