Barua ya Wazi kwa Halmashauri Yetu Tukufu, Kuhusu Mapaa Yakingayo Maji

Waheshimiwa Madiwani, Bwana Mkurugenzi, na watendaji wote wa Halmashauri ambayo adabu yanizuia kuitaja,

Baada ya salamu na taadhima ilinganayo na vyeo vyenu, naomba idhini ya kuwapongeza kwa bidii yenu katika kupanga makazi, kwani tangu wapimaji wenu walipopita mitaani na vigingi vyao na ndoo ya rangi nyekundu, hapana tena nyumba isiyojua hadhi yake: ama imepata namba, ama imepata alama ya X, na iliyojaaliwa vyote viwili, mwenyewe hulala na fahari ya mtu aliyeandikwa mara mbili katika daftari la Serikali.

Wazee wetu hawakuipata neema hii. Mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipotoka Unguja na watumwa walioachwa huru, nao wakaipenda Masasi ya jirani zetu wakatua papo hapo, mji ulianza bila ramani yenye muhuri wala stakabadhi ya ada, na kwa kanuni za leo ungestahili kubomolewa kabla ya paa la kwanza kuezekwa.

Sasa niingie katika haja yangu. Mwajua, maana baadhi yenu mmezaliwa huku juu, ya kuwa uwanda wa Makonde ni nchi ya mchanga unywao mvua ukaificha chini mno, wala hauna mto juu yake. Ndiyo sababu Waingereza, katika miaka ya 1950, waliasisi mradi wa kuyasukuma maji yapande mlima kutoka bondeni Kitangari. Kwa hiyo mtu wa Newala huku uwandani apatapo fedha za korosho, Halmashauri ikiisha kupata ushuru wake wa asilimia 3, aghalabu hatangulizi kitanda: hununua mabati. Mvua hushuka batini, ikaingia katika mlizamu wa debe lililopasuliwa, ikachujwa kwa kipande cha kanga kuukuu lisipite jani la mwembe, hata ikatua kisimani uani, shimo lililosakafiwa kwa saruji na kutiwa kufuli, na ufunguo wake hukaa upindoni mwa nguo ya mama mwenye nyumba, ambaye hata mumewe humwomba kwa upole.

Fomu yenu ya kibali cha ujenzi, niliyoisoma kwa uchaji, yauliza idadi ya vyumba, mahali pa choo na jina la mchora ramani, lakini kisima haikiulizi. Nimeifahamu kuwa ni staha yenu, hamkutaka kuingilia faragha ya maji yetu. Ila viwanja mlivyotukatia, nyumba ikikaa na choo kikapata umbali wake, kisima hakina budi kuchimbwa kwa jirani.

Kodi ya majengo siwadai neno, maana mwaka 2016 mlipumzishwa kuikusanya ikapewa Mamlaka ya Mapato, na tangu Agosti 2021 twakatwa ndani ya umeme wa LUKU, hata mpangaji asiyemiliki tofali moja amepata sharafu ya kulipia nyumba ya mwenziwe. Lakini maadamu Serikali imekwisha kutambua kwamba mita ya umeme ndiye mwenye nyumba, nasi twaomba mtambue kwamba paa ndiyo Idara ya Maji: liandikwe katika bajeti, mlizamu upewe posho ya kikao (kwani hukaa barazani muda mrefu kuliko diwani yeyote), na bati lililotoboka lihesabiwe kuwa bomba lililopasuka, fundi atumwe.

Na kabla hamjakata viwanja vingine, waleteni wapimaji waupime ua pamoja nasi, futi kamba mkononi. Wakija Machi tutawakaribisha maji ya kunywa. Wakija Oktoba, waje na yao.

Wasalaam,
Mtiifu wenu, mlipa ushuru wa korosho