Rangi Tayari, Kazi Bado

Mwenzetu kahamia Google Keep, programu ya madokezo iliyoanza 2013, na sasa simu yake inang'aa kuliko duka la kanga. Njano ya dharura, kijani ya pesa, waridi ya "mawazo makubwa". Programu inakuruhusu kutafuta dokezo kwa rangi yake. Raha iliyoje, mradi uikumbuke rangi. Juzi bomba likapasuka, maji yakaingia sebuleni, namba ya fundi ikatakiwa. Akapekua njano, maana ni dharura. Akapekua kijani, maana fundi hulipwa. Kumbe imo kwenye zambarau, "watu wa maana". Mkewe alishapiga simu zamani, namba ameibandika mlangoni mwa friji. Wenzake wakipiga deki, bwana kajikunja kwenye kochi, anaitafutia "mafuriko" rangi yake.