Mikayi Asimame Wapi?

Hapa Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, maoni hayajawahi kuadimika. Dhahabu huadimika. Stima hupotea wingu likikohoa tu. Lakini tundika picha ya familia ukutani pa studio, gundi ya fremu ikauke, na utapata maoni ya mwenye picha, ya jirani yake, ya mwenye boda aliyemleta, na ya mtu aliyekuja kuchaji simu.

Kazi yangu ni picha za kuunganisha. Familia za siku hizi hazikutani. Mmoja yuko Nairobi, mmoja Doha, mmoja yuko ndani ya shimo na hatoki kabla ya giza, na mzee mwenyewe alishafariki. Wananiletea nyuso moja moja, nami nawakutanisha kwenye kompyuta na kuwasimamisha mbele ya nyumba ya mabati mekundu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeijenga. Picha inaenda kwenye bango la mazishi, kisha sebuleni. Kabla ya kwenda huko, inapita mikononi mwa ukoo mzima.

Uso wa mzee kwa kawaida unatoka kwenye kitambulisho. Ni picha ndogo, nyeusi na nyeupe, na mwenyewe anatazama kama mtu aliyekatazwa kucheka na serikali.

“Mbona Baba amekasirika?” mama mmoja akaniuliza.

“Mama, ndivyo alivyo kwenye kitambulisho.”

“Basi mpe tabasamu. Lakini si la meno yote. Hakuwa mtu wa meno yote.”

Nikampa tabasamu la meno machache, na suti. Akaja ndugu wa marehemu, akasema tai ile ni ya mtu anayewania kiti cha MCA. Nikaivua. Dada yao akauliza kwa nini kaka yake anazikwa shingo wazi.

Walio mbali nao nimewasihi watume picha wakiwa wamesimama wima. Yule wa Doha alituma aliyojipiga ndani ya gari, kuanzia kifuani kwenda juu, mkanda ukiwa umemkata bega. Miguu nikamtafutia ya kijana mmoja anayesaga mawe hapo jirani, kwa idhini yake na soda moja. Maoni yaliyorudi: “Hiyo si miguu ya ndugu yetu. Ya ndugu yetu ina tege.” Hawa ni watu ambao hawajamwona ndugu yao tangu apande ndege, lakini tege wanaikumbuka.

Vijana wa shimoni hawana taabu. Wanataka Prado nyuma yao na jino moja la dhahabu, ambayo huenda ndiyo dhahabu pekee watakayobaki nayo baada ya kumlipa mwenye shimo, mwenye mashine ya kusaga na mwenye zebaki.

Taabu ni mzee mwenye wake watatu. Bomani mambo yalishapangwa kabla sisi hatujazaliwa: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazama lango; nyachira, wa pili, ana upande wake; reru, wa tatu, ana wake; na hakuna anayesahau. Kwenye picha hakuna lango. Nikamweka mzee katikati na wake zake kama nilivyoelekezwa kwa simu, huyu kulia, huyu kushoto, nikawatumia.

Jibu likarudi haraka: “Kulia kwa nani?”

Kwa maana kulia kwa mzee ni kushoto kwa anayetazama. Ukoo ukagawanyika. Watoto wa mikayi walishikilia kwamba picha ni ya kutazamwa, kwa hiyo kulia ni kwa mtazamaji. Watoto wa nyachira wakasema mwenye boma ni mzee, na kulia ni kwake hata akiwa amekufa. Binti wa reru, ambaye ni mwalimu, akapendekeza niigeuze picha yote, mambo yaishe. Nikaigeuza. Vifungo vya koti la mzee vikahamia upande wa blauzi, saa ikaruka mkono mwingine. Mikayi aliitazama kwa utulivu, akasema, “Nyathina, mwanangu, mume wangu hakuwa wa mashoto.”

Nilipomrudisha mzee kwenye mkono wake, mtu akagundua kwamba shemeji amesimama karibu mno na mjane mdogo. Nikaambiwa nimpeleke mwisho wa mstari mpaka wazee wakae kwanza.

Mimi hujifariji kwa habari za walionitangulia. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, Msweden aliyehamia Uingereza, aliunganisha negativu zaidi ya 30 zikawa picha moja, The Two Ways of Life, ya kijana anayechagua kati ya anasa na kazi. Upande wa anasa ulikuwa na wanawake uchi, na ilipoonyeshwa Edinburgh nusu hiyo ilifunikwa kwa pazia. Lakini Malkia Victoria, huyuhuyu ambaye jina lake limebandikwa ziwani kwetu, alinunua nakala yake, na sijasoma popote kwamba aliomba mtu ahamishwe. Mteja wa namna hiyo namtafuta. Francis Galton naye, katika miaka ya 1870, alilaza nyuso za wafungwa moja juu ya nyingine kwenye bamba moja ili apate sura ya mhalifu. Ikatoka sura ya mtu mwenye heshima kuliko wao wote. Mama zao hawakuitwa kutoa maoni. Na Lamu, marehemu Omar Said Bakor alikuwa akikata na kubandika kwenye studio yake miaka mingi kabla Photoshop haijaingia sokoni mwaka 1990. Mkasi una heshima yake. Ukishakata, hakuna wa kukwambia “msogeze kidogo.”

Maoni pekee yenye akili niliyoyapata yalitoka kwa mzee mvuvi wa Sori, aliyekuja kuchaji simu. Alisimama mbele ya picha muda mrefu, mikono mgongoni.

“Wuoda, kijana wangu, hawa watu walipigwa saa ngapi?”

“Kila mtu na saa yake, mzee.”

“Naona. Kivuli cha huyu kinaenda Tanzania. Cha huyu kinaenda Homa Bay. Na mwenye boma hana kivuli.”

“Mwenye boma alishafariki.”

“Hata hivyo.”

Nililala saa nane usiku nikiwapanga chini ya jua moja. Asubuhi wenye picha wakalalamika kwamba nimemfanya reru mweusi. Nikamrudishia jua lake. Boma sasa lina majua mawili, na salio limelipwa.

Kwa hiyo nimebandika bei mpya mlangoni. Kuongeza miguu ni shilingi mia tatu, tege au bila tege. Tabasamu ni mia moja, meno yanahesabiwa. Kuhamisha mke mmoja ni mia mbili. Zaidi ya hapo ni maelewano. Karatasi haijamaliza hata asubuhi, na tayari kuna mama amesimama nje anataka kujua kama hiyo mia mbili ni ya kumsogeza mwenzake karibu au ya kumtoa kabisa.