Jinsi ya Kutwaa Kombe Bila Kufika Fainali

Mwongozo huu ni wa shabiki wa kawaida wa Meru na Embu: yule anayejua fika kwamba timu ya taifa, Harambee Stars, itamtesa, na bado anafua jezi usiku wa kuamkia mechi. Ulifanyiwa majaribio Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao. Majaribio yalitia uchungu. Hata hivyo mwandishi alitoka humo akiwa bingwa wa Afrika, na haoni sababu ya kukuficha siri.

Hatua ya 1: Kuwa na uwanja, kisha mechi zichezwe kwingine

Shabiki mwenye mechi mlangoni huzembea. Sisi wa huku mlimani tumekingwa na balaa hilo. Kinoru, pale Meru, ulikuwa miongoni mwa viwanja vilivyoandaliwa kwa CHAN ya 2018. Tukasubiri wageni. Septemba 2017 shirikisho la soka la Afrika, CAF, likaona matayarisho ya Kenya yanasuasua, likatupokonya mashindano, na Moroko ikapewa. Moroko haikuona haya: ilicheza kwao, ikafika fainali, ikaichapa Nigeria 4-0 na kubaki na kombe.

Kinoru haukukosa sherehe lakini. Tarehe 1 Juni 2018 ulijaa watu hadi pomoni. Ilikuwa Sikukuu ya Madaraka, na timu zilizoingia uwanjani zilikuwa za gwaride. Embu nao hawakusahauliwa: 1 Juni 2023 Madaraka ikaja uwanja wa Moi. Kwa hiyo tuna viwanja viwili vilivyopambwa kwa hotuba, na ukitaka kuona robo fainali unapanda matatu kwenda Kasarani, Nairobi. Kutoka Meru ni zaidi ya kilomita 200, na safari ya kurudi ni ndefu zaidi ukiwa umefungwa.

Hatua ya 2: Chagua pa kutazamia kama anayechagua mchumba

Kuna mahali patatu. Pa kwanza ni kibanda cha mpira: benchi la mbao, runinga iliyofungiwa kwenye kizimba cha chuma kama kuku, na makocha arobaini waliolipa kiingilio. Faida yake ni kwamba ukilia hakuna atakayekuona, kwa sababu wote wanalia.

Pa pili ni bezi ya jaba, kijiwe cha kutafuna. Hapa uwe na muda. Mtu wa Igembe atakuja na miraa yake, mtu wa Mbeere na muguka wake, na kipindi cha kwanza kitaisha wakibishana ni kipi kinachompa mtu macho ya kuona ofsaidi. Kipindi cha pili hakuna anayebishana. Wote wanatafuna, na kila mmoja ameshaona ofsaidi sita. Mechi ikiisha saa mbili usiku, uchambuzi utaendelea hadi ng'ombe wa jirani akamuliwe. Beba karanga, beba chingamu ya Big G, na uwaage watu wa nyumbani vizuri.

Pa tatu ni ukweni. Usiende ukweni. Mimi nilienda.

Hatua ya 3: Mweleze mzee maana ya mtoano

Ilikuwa Ijumaa, 22 Agosti, robo fainali dhidi ya Madagaska, na ratiba ya mke wangu ilikuwa imeniweka kwa wazazi wake, kwenye mashamba ya kahawa juu ya mji wa Embu. Nyumbani nimezoea kutazama mpira kwa miguu na mikono. Ukweni unatazama kwa adabu: umeketi wima, kikombe cha chai gotini, na neno kali kuliko yote unaloruhusiwa kutamka ni "aaa".

Baba mkwe hakuwa amefuatilia makundi, nikamfupishia. Tulianza kwa kuifunga DR Kongo 1-0. Tukatoka 1-1 na Angola. Tukaifunga Moroko 1-0 tukiwa wachezaji kumi, kwa bao la Ryan Ogam. Tukaifunga Zambia 1-0, Ogam tena. Tukaongoza kundi ambalo wengi walisema tungelibeba mkia.

"Vizuri sana," akasema. "Na leo mkishindwa, si mnarudia kesho?"

"Hapana, baba. Leo ni mtoano. Anayeshindwa anaenda nyumbani."

"Lakini tayari wako nyumbani."

Hapo nikaelewa kwamba maelezo ya kwenye runinga hayatoshi, na ninakushauri utumie mfano wa karibu. Makundi, nikamwambia, ni kama chama: mwezi huu ukikosa mchango, mwezi ujao unalipa na faini, maisha yanaendelea. Mtoano ni kama kupeleka kahawa kiwandani. Ukichelewa ukakuta mizani imefungwa, unarudi na gunia lako, na cheri zile hazikusubiri.

Mzee akaweka kikombe chini. "Kumbe ni jambo zito," akasema, na kuanzia dakika hiyo akawa shabiki kuliko mimi. Mchezaji wetu Omija alipofunga kwa kichwa mara tu baada ya mapumziko, mzee alisimama. Madagaska waliposawazisha kwa penalti, alitaka kujua refa ni mtoto wa nani.

(Kidokezo: kuna wanaopendekeza kwamba kesi za VAR zipelekwe Nchiru, zisikilizwe na wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru. Mwandishi anaunga mkono. VAR inatoa hukumu bila kumtoza mtu hata mbuzi mmoja, na ndiyo maana haiheshimiki.)

Hatua ya 4: Usipige penalti karibu na jirani mwenye redio

Dakika 120 ziliisha 1-1. Sikiliza hapa vizuri, kwa maana hili halimo katika vitabu vya makocha.

Picha ya runinga husafiri. Inapanda angani, inazunguka huko, inashuka kwenye dishi, na hadi ikufikie kijijini mpira umeshatua wavuni kitambo. Redio hutangulia. Jirani wa baba mkwe, upande wa pili wa ua la miti, alikuwa na redio, na watoto wa likizo wamejaa uani kwake.

Penalti moja: mchezaji wetu kwenye runinga bado anaweka mpira chini, anaupangusa kama yai, na kule uani watoto wameshapiga kelele. Tukajua imeingia kabla hajarudi nyuma hatua moja. Mama mkwe akadhani ni kelele za kufukuza ndege. Nyingine, hivyo hivyo. Hadi hapo niliuona mfumo huu kuwa neema: unafurahi mara mbili kwa penalti moja.

Kisha mchezaji wetu mmoja akasogea, akavuta pumzi, akatazama lango. Na kwa jirani kukawa kimya.

Hakuna kimya kirefu kama kile. Kijana wa watu bado hajapiga. Bado ana nafasi yote duniani, kona zote nne za lango ni zake, na mimi tayari najua. Baba mkwe hakuwa amegundua habari ya redio. Alikuwa ameinama, viganja vimeshikana, anaomba kwa Kiembu, polepole, kwa ajili ya mpira uliokwisha kukosa. Ningemwambiaje? Nikanywa chai.

Madagaska wakashinda penalti 4-3. Usiku huohuo Moroko ikaitoa Tanzania 1-0, na kesho yake Senegali ikaitoa Uganda 1-0. Wenyeji watatu tulioandaa karamu tukawa tumeondoka mezani ndani ya siku mbili, tukabaki kuosha vyombo.

Hatua ya 5: Omboleza kwa utaratibu

Siku tatu zinatosha. Siku ya kwanza usiguse simu. Mkeka wako wa kamari umechanika, unajua umechanika, na kuutazama hakutaushona. Siku ya pili tafuta wa kumlaumu, ila uwaache wapiga penalti. Wale walikuwa na uthubutu wa kwenda. Wewe mwenyewe ulishindwa kumwambia mzee habari ya redio.

Siku ya tatu fikiria pesa. Rais alikuwa amewaahidi wachezaji shilingi milioni moja kila mmoja kwa kila ushindi, na nyumba ya vyumba viwili kwa kila mmoja wakivuka robo fainali. Ukikumbuka kwamba kuna watu penalti ziliwakosesha nyumba, mia mbili zako za mkeka zitaacha kukuuma. Mshabiki wa Imenti anayesubiri bonasi ya majani chai anaelewa zaidi kuliko wote: si kila kilichotajwa huwa kimefika.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya ubingwa

Sasa tumefika kwenye siri yenyewe. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Walisahau kuongeza kwamba anayekubali upesi hajui hesabu.

Fainali ilikuwa Kasarani, Jumamosi 30 Agosti: Moroko na Madagaska. Chukua kalamu. Moroko katika mashindano yale yote ilifungwa mechi moja tu, na aliyeifunga ni Kenya. Madagaska, kisiwa ambacho Waswahili wa kale walikiita Bukini, ilifungwa 2-1 na Tanzania katika kundi. Kwa hiyo fainali iliwakutanisha watu wawili ambao Afrika Mashariki ilikwisha kuwachapa. Yeyote atakayeshinda, kombe ni letu; linalogombewa ni nani atuwekee.

Atatokea mjuaji aseme: "Lakini Madagaska iliwatoa Kenya, na Moroko ikaitoa Tanzania." Mjibu kwa upole kwamba hayo yalikuwa ya mtoano, na hesabu yako ni ya makundi. Akiendelea, muulize kama ashawahi kulipa chama. Akizidi, mnunulie chai. Mtu wa aina hiyo hana marafiki.

Hatua ya 7: Itazame fainali kama mwenye kombe

Safari hii nilitazamia kibandani, Makutano, Meru. Usivae jezi, bingwa halisi hajitangazi. Usichague upande, shangilia mabao yote, nayo yalikuwa matano. Madagaska walitangulia mapema, Moroko wakasawazisha na kuongoza kabla ya mapumziko, Madagaska wakarudisha. Halafu dakika ya 80 Oussama Lamlioui akamwona kipa ametoka kidogo, akaupiga kutoka mbali sana, mpira ukapaa juu ya kila mtu na kushukia wavuni. 3-2. Kibanda kizima kilisimama. Hatukuwa na timu pale, wala mkeka, wala deni la mtu; ni bao zuri tu, na tulilishangilia kama watoto. Nakiri kwamba kwa sekunde kadhaa nilisahau kupiga hesabu.

Moroko wakabeba kombe lao la tatu. Mwaka 2018 walilichukua katika mashindano tuliyopokonywa. Safari hii tuliwakaribisha nyumbani, tukawapiga, na bado wakaondoka nalo. Mgeni wa namna hiyo unamfungia jogoo ndani.

Hatua ya 8: Mjulishe mzee

Nilikuwa bado natafuta viatu vyangu gizani simu ilipolia.

"Mwanangu," akasema baba mkwe, "hawa waliochukua kombe si ndio wale uliniambia tuliwapiga tukiwa kumi?"

"Ndio hao, baba."

"Basi sisi ni akina nani?"

Nikaona nimepata mwanafunzi. Nikamwelezea hesabu yote, Moroko, Bukini, Tanzania, makundi, bila kuruka. Alisikiliza hadi mwisho, kimya, nami nikasikia kule kwake majani yakiungua jikoni.

"Hesabu ni nzuri," akasema. "Na marudio ni lini?"

Nikamwambia AFCON ya 2027 inakuja hukuhuku kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, na safari hii hata wanaocheza Ulaya watakuwemo. Akafikiri kidogo.

"Vyema. Basi nitazungumza na jirani. Siku hiyo aje atazamie hapa, na ile redio yake aiache kwake, imezimwa."

Kumbe mzee alikuwa anasikia muda wote.