Handaki la Jenerali na Bibi Rada

Kama unaishi nyumba moja na baba yako mzazi pamoja na mama mkwe wako, nipe mkono, maana wewe ni mwenzangu. Vitabu vinasema Vita vya Kagera viliisha mwaka 1979. Hapa kwetu Mwanza bado vinapiganwa, na vinapamba moto zaidi baada ya chakula cha usiku.

Kinachogombewa ni kimoja: nani kati ya wazee wetu hawa wawili aliiona ndege ya mabomu ya kweli.

Mama mkwe tunamwita Bibi Rada, na jina hilo amelipata kwa haki. Ndege zinazotua Mwanza hupita chini juu ya ziwa, naye huzisikia kabla ya mtu yeyote. Huacha alichoshika, hutoka uani, huweka kiganja juu ya macho na habanduki hapo mpaka ndege itue. Maziwa yamemwagikia jikoni kwetu kwa sababu hiyo mpaka Mama Koku, mke wangu, amezoea. Huzima jiko, hufuta, na kumpelekea mama yake kiti.

Sababu anayo. Oktoba 1978 alikuwa Bukoba na mtoto mgongoni, ndiye huyu Mama Koku, MiG za Uganda zilipokuja kupiga mji ule. Mpaka leo anasimulia kwa mpangilio uleule: kwanza kivuli kilipita juu ya migomba, halafu akaiona ndege yenyewe, na mlio ukafuata ndege imeshakwenda. Alilala kifudifudi, akakumbuka kuwa mtoto yuko mgongoni, yaani juu, akageuka upesi na kumweka chini yake. Akifika hapo husimama kidogo, humtazama binti yake, kisha huendelea: wanajeshi wa Idi Amin walivyovuka mpaka na kulishika eneo lote mpaka Mto Kagera, walivyopora ng'ombe na kuua watu, na ndege zao zilivyolilenga daraja la Kyaka na kulikosa, hadi ikabidi watege baruti kulivunja.

Baba yangu, ambaye wajukuu wanamwita Jenerali kwa kuwa alikuwa mgambo, husikiliza yote hayo kwa heshima. Halafu hukohoa.

"Pole sana, mkwe. Lakini MiG ni ndege ya kivita ya kawaida. Ndege ya mabomu hasa ilikuja hapa kwetu."

Hapo ndipo chai hupoa. Jenerali ana Tupolev yake, Tu-22 ya Libya, ndefu, pua imechongoka, injini mbili zimekaa juu mkiani. Muammar Gaddafi alikuwa amempelekea Mwalimu Nyerere onyo kwamba majeshi yetu, ambayo kufikia hapo yalikuwa yamewarudisha wavamizi na kuingia kwao, yaondoke Uganda, la sivyo Libya itaingia vitani. Mwalimu hakutishika. Machi 29, 1979 ndege hiyo ikaja peke yake kushambulia matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikayakosa, na makombora yakaangukia Kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Siku chache baadaye ndege zetu zikajibu huko Kampala, Jinja na Tororo.

"Kwa hiyo yenu iliua swala," Bibi Rada husema, akikusanya vikombe. "Zetu zilikuja kuua watu."

Mimi nikiwa katikati yao, baba huku, mkwe kule, nifanye nini? Mkwe habishiwi na baba hakatizwi. Nahesabu vijiko.

Sasa mwanangu Kulwa akarudi na kazi ya shule: ahoji wazee kuhusu Vita vya Kagera. Hao wazee wawili walifurahi mno. Jenerali akasema maneno hayatoshi, mtoto lazima aone handaki lilivyokuwa. Mwaka ule watu walichimba mahandaki majumbani na mashuleni, taa zikazimwa usiku. Yeye alichimba letu mwenyewe, nami nalikumbuka, nikiwa mdogo wa miaka mitano: kiganja chake kimebana kichwa changu chini, udongo mbichi puani, na mlio wa juu unaoingia mpaka kwenye meno.

Jumamosi majembe yakatoka. Jenerali alitaka handaki liwe chini ya mwembe, rubani asilione. Bibi Rada akataka liwe mlangoni mwa jiko, kwa kuwa ndege haimngoji mwanamke afike mwembeni. Walibishana mpaka jua likawa kali, wakasuluhishana: lichimbwe katikati. Katikati ndipo linapopita bomba la maji.

Kulwa na pacha wake Doto walichimba kwa moyo, na babu yao akiwasimamia. Handaki halinyooki, aliwafundisha, lazima lipinde, vipande vya bomu visije vikafagia wote waliomo. Kwenye kona ya kwanza jembe likapasua bomba. Maji yakaruka hadi dirishani. Nikakimbilia koki ya mita, na wakati huohuo ndege ya mchana ikatokea ziwani.

"Laleni!" Bibi Rada alipaza sauti.

Watoto wakajitupa kwenye handaki lililojaa tope. Jenerali naye, na magoti yake mabovu, akajitupa juu yao na kuwafunika kwa mikono. Mama Koku akafika wakati huo kutoka kwenye kikao cha vikoba, amevaa kitenge kipya. Alitazama uwanja wake. Kisha akashuka, akamshika mkono mama yake, aliyekuwa anatetemeka kweli, akamwambia, "Imeshatua, Mama. Imeshatua."

Nilidhani tungelifukia siku ileile. Fundi bomba alipomaliza, nikachukua koleo, na kwa mara ya kwanza wazee wale wakawa upande mmoja: haligusi mtu. Basi limebaki. Bibi Rada amepanda migomba ndani yake, inastawi vizuri, na nguo sasa tunaanika kwenye uzio wa mbele.

Kulwa alipata alama nzuri, ingawa mwalimu alishangaa kuona daftari lina tope. Aliandika ambalo mimi sikuwahi kuambiwa: kwamba mdogo wake Jenerali, aliyezikwa Kaboya kule Muleba kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, ndiye aliyemfundisha kuchimba handaki lenye kona. Nimeishi na baba miaka yote hii, na mjukuu ndiye aliyeuliza.

Kwa hiyo, mwenzangu, wazee wako wakianza tena za MiG na Tupolev, usikimbilie taarifa ya habari. Kaa, weka simu mezani, washa kinasa sauti, na waache wabishane mpaka wamalize. Tarehe za vita utazipata vitabuni. Kilichowapata wazazi wako chini ya ndege zile wanakijua wao tu, na waliokuwa watu wazima mwaka 1978 wanazidi kupungua. Waulize wiki hii. Ila kwanza jua bomba lako la maji linapita wapi.